Popo Hakuona Mpaka

"Mjomba, Kibaha na Kisarawe zimegusana?"

Ahaa! Swali tamu hilo. Aliyeuliza aje akae hapa karibu nami. Kuna watu wazima waliozeekea Mkoa wa Pwani na hawajawahi kuuliza hivyo. Wao wanajua Kibaha ipo Barabara ya Morogoro. Wanajua Kisarawe ipo kule juu, ukishapita Gongo la Mboto na Pugu. Kichwani mwao hizo ni safari mbili. Wapo wanaotoka Kibaha kwenda Kisarawe kwa kuzunguka kwanza Dar es Salaam, wabadilishe gari, ndipo wapande kilima.

Basi tumuulize popo.

Kisarawe, kwenye vilima vya Pugu, kuna mapango. Watu waliyachimba zamani wakitafuta kaolini, ule udongo mweupe laini wa kutengenezea vyombo. Wachimbaji waliondoka, popo wakahamia. Jua likizama wanatoka wengi, wengi, wengi, mpaka unashindwa kuhesabu. Mmoja wao ni rafiki yangu.

"Popo, Kibaha ni mbali?"

"Mbali wapi? Kwa mbawa zangu ni kilomita 20 na ushei. Naupita msitu, nayapita mabonde, nimefika."

"Na mpaka wa Kisarawe na Kibaha uliuona?"

"Mpaka? Niliona miti. Niliona reli. Nilikula wadudu wawili watatu. Mpaka sikuuona."

Popo hasemi uongo. Hata wewe ukienda kwa miguu hutakuta mstari umechorwa chini. Lakini fungua Wikipedia, usome habari za Wilaya ya Kisarawe. Utaona kiramani kidogo cha Mkoa wa Pwani. Kisarawe imepakwa rangi yake. Ubavuni pake ipo Kibaha, wamegusana kama ndugu kitandani. Na katikati yao, mstari upo!

"Mjomba, nani kauchora?"

Mtu mmoja? Hapana. Wengi.

Wikipedia ni kamusi elezo iliyo kwenye intaneti. Ilianza Januari 2001. Ya Kiswahili ilifuata mwaka 2003. Watu wa kawaida ndio wanaoiandika, na watu wa kawaida ndio wanaoichorea ramani. Hawalipwi. Mmoja ni mwanafunzi, mwingine amestaafu kazi, mwingine hajawahi kukanyaga Tanzania hata siku moja. Wanakutana kwenye kompyuta. Mtu anaandika, "Jamani, hapa panahitajika ramani ya Kisarawe." Mwingine anajibu, "Niachie mimi." Wa tatu anaitazama kazi na kusema, "Mto umeusahau."

Umewahi kumwona bibi akitengeneza mkeka? Hasuki mkeka mzima kwa mara moja. Anasuka ukili, utepe mrefu mwembamba. Shangazi naye anasuka wake. Jirani analeta wake. Kisha zinashonwa pamoja, ukingo kwa ukingo, mpaka mkeka unatosha kulaliwa. Ramani ya Wikipedia ni mkeka wa namna hiyo.

Ukili wa kwanza hutoka angani. Setilaiti huzunguka juu sana ikiipiga picha dunia. Kwenye picha hizo mtu anaona barabara, anaona mapaa ya bati, anaona mto Ruvu ukijipinda. Anaweka alama juu ya picha, nukta kwa nukta, kisha anaziunga kwa mstari. Kazi hiyo hufanyika zaidi kwenye ramani huru iitwayo OpenStreetMap, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004. Wachoraji wa Wikipedia huchota humo.

"Mjomba, si wangenakili tu ramani ya kwenye simu ya baba?"

Hapo umenifurahisha. Hilo ndilo swali ambalo kila mchoraji mpya huuliza. Ramani nyingi za kwenye simu zina wenyewe. Ni za kampuni. Kuzitazama ruksa, kuzinakili na kuzigawa si ruksa. Ukichukua ukili wa mtu bila idhini ukaushona kwenye mkeka wako, akija kuudai itabidi mkeka ufumuliwe. Ndiyo maana wachoraji hutafuta picha zilizoruhusiwa. Mwaka 2010, kwa mfano, kampuni ya Microsoft iliwaruhusu watu wa OpenStreetMap kuchora juu ya picha zake za angani. Hapo kazi ilikwenda mbio. Na wao wakimaliza, nao huruhusu: chukua, tumia, rekebisha, ila taja tulioifanya.

Ukili wa pili ni majina. Hapa setilaiti haina msaada wowote. Inaona paa, haioni jina. Haijui kama lile jengo refu ni shule au ghala. Na majina ya kwetu yana vituko! Kongowe ipo Kibaha. Kongowe nyingine ipo njia ya Mbagala. Masaki ipo Kisarawe, na Masaki nyingine ipo Dar es Salaam ufukweni, kwenye majumba makubwa. Chole ni kata ya Kisarawe. Chole nyingine ni kisiwa huko Mafia, na Mafia nayo ni Mkoa wa Pwani huohuo! Pangani ni mji wa Tanga, lakini Kibaha nako kuna kata inaitwa Pangani. Sasa mchukue mchoraji aliyeko Ulaya, usiku, baridi, peke yake. Anaona jina Chole. Achague ipi? Ataipeleka kata nzima baharini bila kujua.

Nani atamzuia? Mtoto wa Kisarawe. Nasema kweli kabisa. Mtoto anayechota maji, anayetumwa dukani, anayekwenda shule kwa njia ya mkato, anajua majina ambayo setilaiti haitayajua kamwe.

Ukili wa tatu ni ule mpaka, ule ambao popo hakuuona. Kwa nini hakuuona? Kwa sababu mpaka huanzia kwenye karatasi. Serikali inapogawa wilaya, inatangaza katika Gazeti la Serikali. Kisha Ofisi ya Taifa ya Takwimu, wale wanaosimamia sensa, huwa na ramani za kata na wilaya zote, kwa sababu mtu lazima ahesabiwe mahali pamoja tu. Mipaka ya sensa ya 2012 ilitolewa kwa umma, ikawa msaada mkubwa kwa wachoraji.

Lakini tazama lilivyo jambo lenyewe. Mwaka 2012, Kibiti ilikuwa ndani ya Rufiji. Baadaye ikakatwa, ikawa wilaya yake. Chalinze nayo ikapata halmashauri yake, ikajitoa kwenye ile ya Bagamoyo. Ramani iliyochorwa 2012 ikabaki imesimama, nchi ikaendelea kutembea. Na Kibaha yenyewe? Kibaha ni mbili! Kuna halmashauri ya Kibaha mjini, na kuna Halmashauri ya Wilaya ya Kibaha, ambayo makao yake ni Mlandizi. Anayechora Kibaha moja tu kwa rangi moja amefumba jicho moja.

"Mjomba, sasa zinashonwaje?"

Kwa programu za kompyuta. Moja inaitwa QGIS, ya kupanga mipaka na mito mahali pake. Nyingine Inkscape, ya kuchora na kupaka rangi. Programu zote mbili ni bure. Wachoraji wamekubaliana rangi, ili ramani za nchi mbalimbali zifanane. Bahari huwa samawati hafifu. Eneo linaloelezwa hupakwa krimu. Majirani hupakwa rangi ya mchanga. Hawalazimishani sana, lakini aliyepaka bahari zambarau ataulizwa.

Tena wanapenda kuhifadhi ramani kwa namna iitwayo SVG. Usiogope hilo jina. Ukivuta picha ya kawaida ikawa kubwa, inakuwa vijiraba vijiraba, si ndiyo? SVG haifanyi hivyo. Ndani yake kuna maagizo: anza hapa, piga mstari hadi pale, paka krimu. Ivute iwe kubwa kama ukuta wa darasa, mstari unabaki safi. Na mtu mwingine anaweza kufumua sehemu moja tu na kuishona upya bila kugusa nyingine. Anaweza pia kubadilisha maneno. Wikipedia zipo za lugha zaidi ya 300, na mkeka mmoja unaweza kulaliwa na wote.

Nimebakiza kile kidoti chekundu. Umewahi kukiona? Unafungua habari za mji, unakuta ramani ya Tanzania na kidoti juu yake. Hakuna aliyekichora kwa mkono. Mwandishi anaandika namba mbili tu. Ya kwanza inasema mji uko umbali gani kutoka Ikweta. Ya pili inasema uko umbali gani kutoka mstari wa Greenwich, Uingereza. Kisarawe iko karibu nyuzi 7 kusini na nyuzi 39 mashariki. Kompyuta inahesabu, inadondosha kidoti.

"Na akikosea namba?"

Hapo ndipo ninapocheka mpaka machozi. Akisahau kuandika kusini akaandika kaskazini, Kisarawe inaamkia Ethiopia, kwenye milima. Akizigeuza namba, ya kwanza ikawa ya pili, Kisarawe inazama katika bahari ya Atlantiki, kusini magharibi mwa Cape Town! Popo wangu angelia. Lakini usihofu. Kila badiliko linaandikwa kwenye historia ya ukurasa. Nani kagusa, lini, kafanya nini. Kosa likionekana, mtu anarudisha ilivyokuwa.

"Mjomba, ramani hizi zinasaidia nini, au ni mapambo?"

Waulize wa Dar es Salaam. Desemba 2011 mvua kubwa ilinyesha, mafuriko yakaua watu. Ipo mitaa iliyojaa nyumba ambayo kwenye ramani nyingi ilikuwa kama uwanja mtupu. Mwaka 2015 ukaanza mradi wa Ramani Huria. Wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakaingia mitaani pamoja na wakazi. Wakapita uchochoro kwa uchochoro. Huu mfereji unapita wapi? Maji hufika dirishani au mlangoni? Droni zikapiga picha kutoka juu. Yote yakawekwa kwenye OpenStreetMap, bure kwa kila mtu. Mwaka huohuo ukaanza mradi mwingine, Crowd2Map. Huo ulichora vijiji, pamoja na vya Mkoa wa Mara, ili wasaidizi waweze kufika haraka kwa wasichana walio hatarini kukeketwa. Gari la msaada halifiki kijiji kisicho na njia kwenye ramani. Linazunguka tu usiku. Na nani alizichora njia hizo?

Mtu mmoja? Hapana. Wengi.

Na kazi haiishi. Juni 2024 treni ya umeme ya reli mpya, SGR, ilianza kubeba abiria kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro. Inapita Pugu, inapita Soga, inapita Ruvu. Reli ya zamani ipo palepale, na mpya ipo pembeni. Ramani iliyochorwa miaka kumi iliyopita ina reli moja tu. Watu nao wameongezeka. Sensa ya 2012 ilikuta Mkoa wa Pwani una watu milioni moja na kidogo. Ya 2022 ikakuta milioni mbili na kidogo. Palipokuwa shamba la mikorosho pana nyumba, na penye nyumba patadaiwa barabara.

"Mjomba, na mimi naweza kuchora?"

Unaweza. Wewe uliyeuliza maswali yote haya unaweza kuliko mimi. Anza na mwalimu wako au mzazi, mkae naye. Tazameni ramani ya kata yenu. Kuna kitu kimekosekana? Kisima? Zahanati? Daraja jipya? Jina limeandikwa vibaya? Andikeni mahali penyewe, kosa lenyewe, na mmejuaje. Hilo la mwisho usiliruke. "Nimejua kwa sababu napita pale kila asubuhi" ni jibu zuri kwenye OpenStreetMap. Kwenye Wikipedia watataka pia kitabu au karatasi ya serikali. Ni wagumu kidogo, na wana haki.

Ila jambo moja. Shule iwekwe. Zahanati iwekwe. Msikiti uwekwe, kanisa liwekwe. Nyumbani kwenu paa linaweza kuchorwa, lakini majina ya wanaolala humo hayaandikwi.

"Hata jina la bibi?"

Hata la bibi.

"Na bibi akitaka ajulikane?"

Loo! Bibi yako huyo hahitaji ramani. Shuka stendi, muulize wa kwanza utakayemkuta.