Kabla hujamwita mwanao mzururaji

Tunduma ni mji wa wapita njia. Malori yaendayo Zambia na Kongo hupanga foleni, na Nakonde iko ng'ambo tu ya mpaka. Hapo mtoto anayechelewa kurudi nyumbani hupewa jina haraka: mzururaji.

Mama akilitamka, mara nyingi ni hasira za jioni tu. Kwenye Kanuni ya Adhabu, iliyoachwa na Waingereza, uzururaji ni kosa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema vingine: aliye chini ya miaka 18, anayerandaranda bila makazi, anahitaji matunzo na ulinzi.

Tofauti hiyo si ndogo. Mtoto hatoki kitandani kwenda kulala chini ya lori bila sababu. Muulize amekula wapi, nani humpa fedha, na nyumbani anamkwepa nani (swali hili la mwisho wazazi wengi hulipenda kidogo). Fimbo ikitangulia, hatajibu.

Akitaja kipigo au kuguswa vibaya, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo, kisha mwone ofisa ustawi wa jamii. Namba 116 hupigwa bure.