Nguzo Ikipinda Milimita Tatu

Fundi wa nyumba za Mji Mkongwe wa Unguja hakagui dari kwa macho tu. Hupanda ngazi na nyundo ndogo mkononi, akagonga boriti moja baada ya nyingine na kutega sikio. Boriti nzima hulia. Iliyooza ndani hutoa sauti ya bubu. Pa kugonga zaidi anapajua: kwenye ncha zilizozama ukutani. Mawe ya matumbawe na chokaa hunyonya maji ya mvua, na unyevu hupenda kukaa pale mti unapolalia ukuta. Kwa nini vyumba vya mji ule ni vyembamba, mita tatu hivi? Kwa sababu ndio urefu ambao boriti ya mkoko huumudu ikiwa na dari ya mawe na chokaa mgongoni.

Jicho hilo, na sikio hilo, bado halijazoea shelfu za chuma.

Zamani gunia liliposhushwa bandarini Malindi lilipanda gari la hamali, likaenda kulala sakafuni mwa ghala, jingine juu yake, na jingine tena. Rundo likizidi kimo, mahamali wenyewe waliliona linayumba. Ghala la kisasa linapangwa kwenda juu: nguzo za chuma, mihimili inayopachikwa kwa ndoano, paleti zinazopandishwa kwa foklifti hadi mita tano, sita. Chuma kinatisha kwa ugumu wake, kwa hiyo hakuna anayekitazama mara mbili.

Lakini hesabu yake si ya kubeza. Paleti moja yenye mapolo 20 ya mchele ya kilo 50 ni tani moja. Mihimili ya ngazi tatu, kila ngazi paleti mbili, ni tani sita kwa chumba kimoja cha shelfu, yaani nafasi iliyo kati ya fremu mbili. Fremu iliyo katikati hupokea nusu ya mzigo wa chumba cha kulia na nusu ya kushoto, yaani tani sita, na fremu hiyo ina nguzo mbili tu, zilizounganishwa kwa vyuma vya mshazari. Kila nguzo basi imebeba tani tatu, na mara nyingi ni bati lililokunjwa lenye unene usiofika milimita tatu.

Bati jembamba linawezaje? Chomoa chelewa moja kwenye ufagio, ikate urefu wa shubiri, uisimamishe mezani na uikandamize kwa kidole kutoka juu. Ikiwa imenyooka, inashangaza kwa inavyostahimili. Ipinde kidogo tu katikati kabla ya kuikandamiza, nayo itasalimu amri mara moja. Nguvu ya nguzo nyembamba imo katika unyoofu wake. Imo pia katika ufupi: sehemu isiyoshikiliwa ikiongezeka urefu mara mbili, uwezo wake unaweza kushuka hadi robo. Ndiyo maana kuchomoa mhimili wa chini ili friji refu lipite, jambo linalofanywa kwa dakika tano na vijana wawili wenye haraka, ni hatari kuliko linavyoonekana.

Mkaguzi anayejua kazi huanzia chini, mahali uma wa foklifti unapogonga. Huegemeza rula iliyonyooka ya urefu wa mita moja kwenye nguzo na kupima mwanya. Kanuni zinazotumika Ulaya, zilizotolewa mwaka 2008, zinaruhusu milimita 5 nguzo ikipinda kufuata upande wa mihimili, na milimita 3 tu ikipinda kuelekea mbele au nyuma, upande wa vyuma vya mshazari. Vyuma hivyo vyenyewe vimeachiwa milimita 10. Chini ya hapo ni kijani: endelea kutazama. Ikipita ni manjano: mzigo ukishushwa usirudishwe, na matengenezo yafanyike ndani ya wiki nne. Ikifika mara mbili ya kiwango ni nyekundu, na shelfu hupakuliwa saa ile ile. Baada ya nguzo huja pini ndogo zinazozuia mhimili usichomoke uma unapouinua kwa bahati mbaya. Hizi ndizo hupotea kwanza, na bei yake ni ndogo kiasi cha kutia aibu.

Oktoba 2020, katika duka kubwa la jumla mjini São Luís, Brazili, shelfu moja iliangusha nyenzake mfululizo. Mfanyakazi mmoja alifariki na wengine wanane wakajeruhiwa. Shelfu zinazofuatana huangushana hivyo.

Unguja ina kumbukumbu yake. Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sayyid Barghash mwaka 1883 kwa nguzo za chuma na kumbi pana kuliko boriti zinavyozoea, liliangukiwa na sehemu ya roshani yake mwaka 2012. Tarehe 25 Desemba 2020, wakati ukarabati ukiendelea, upande mkubwa wa mbele ukaporomoka pamoja na mnara wa saa, na watu wawili wakafariki. Jumba si shelfu, ni kweli. Ila ufa wa mwanzo huwa haukosekani.

Matengenezo nayo yana mtego, na mafundi wa mji wa kale wanaujua vizuri. Ukuta wa chokaa uliozibwa kwa saruji unapendeza mwaka mmoja, kisha maji yaliyofungiwa ndani huanza kuula. Kwenye shelfu, mtego ni nyundo na mashine ya kuchomelea. Nguzo iliyonyooshwa kwa nyundo imekwisha kuchoka pale ilipokunjika, na moto hulegeza chuma kilichopata nguvu zake kwa kukunjwa kikiwa baridi. Dawa ni kubadilisha kipande chenyewe kwa kingine cha mtengenezaji yule yule, baada ya kupakua vyumba vya shelfu vya pande zote mbili za nguzo hiyo, kuanzia juu kushuka. Kisiwani kuna adui wa ziada: upepo wa chumvi, unaoanza kula rangi miguuni, kwenye bolti za sakafuni, ambako maji ya deki hutuama.

Kisha kuna kile kibao cha uzito. Mara nyingi kimeandikwa Kiingereza, kwa kilo, na shelfu ikinunuliwa mtumba huenda haina kibao kabisa. Hapo mtengenezaji au mhandisi lazima aulizwe kwanza, kabla ya gunia la kwanza kupanda. Jibu likishapatikana, kopo la rangi na burashi vinatosha kuliandika kwenye nguzo kwa lugha ya anayepakia: mapolo 20 kwa paleti, paleti mbili kwa ngazi, basi.