"Jokofu Linavuja": Istilahi za Maji, Barafu na Mrija

Madhumuni ya makala haya ni kueleza istilahi chache zihusuzo jokofu, hususan zile zinazohitajiwa pale chombo hicho kinapomwaga maji kwa sababu njia ya kutolea maji yake imezibwa na barafu. Huenda msomaji akaona kwamba jambo hili ni la fundi wala si la mwanalugha. Lakini maelezo ya vyombo vya umeme hufasiriwa na wafasiri, hufundishwa na walimu wa ufundi, na maombi ya matengenezo huandikwa na watumishi wa ofisi. Neno likikosewa katika hatua yoyote kati ya hizo, fundi hufungua mahali pasipohusika, na mwenye jokofu hulipia kazi isiyohitajiwa.

Kuhusu jina la chombo chenyewe hapana mgogoro mkubwa. Katika maandishi rasmi neno jokofu limekwisha kukubalika. Katika mazungumzo watu wengi husema friji. Na wasemaji wa Kongo husema frigo, kwa kuwa wao wamelipata neno hilo kwa njia ya Kifaransa. Sehemu ya kugandishia vyakula huitwa friza. Tatizo limo katika sehemu za ndani ambazo mtumiaji hazioni, na katika vitenzi vinavyoeleza ubovu wake.

Istilahi haiwezi kuundwa vyema na mtu asiyekifahamu kitu chenyewe. Kwa hiyo hatuna budi kueleza kwanza jinsi jokofu lenye kujiyeyushia barafu linavyofanya kazi.

Nyuma ya ukuta wa friza yamo mabomba membamba yaliyokunjwakunjwa, ambamo gesi ya jokofu hupita na kufyonza joto. Mafundi huyaita koili. Unyevu wa hewa ukigusa koili huganda na kufanya utando mweupe. Utando huo ukiachwa unenepe, huzuia hewa kupita na ubaridi hupungua. Ili kuuondoa, aghalabu kila baada ya saa 6 hadi 12 za kufanya kazi, kompresa husimama na hita iliyo karibu na koili huwaka kwa muda wa nusu saa hivi au chini yake. Utando huyeyuka, maji hudondokea katika mchirizi ulio chini ya koili, huingia katika tundu la mchirizi huo, huteremka kwa mrija hadi nyuma ya jokofu, na kuishia katika sinia lililo juu ya kompresa au karibu nayo. Hapo joto huyageuza maji kuwa mvuke. Mambo yakienda sawasawa, mwenye jokofu hayaoni maji hayo kamwe.

Mambo huharibika pale tundu linapozibwa na makombo au vumbi, au pale maji yanapoganda humo kabla ya kuteremka. Kila mara hita inapowaka, maji mapya hukosa njia, hufurika kutoka mchirizini, na mengine huganda juu ya yale ya awali. Hatimaye bamba la barafu hutanda sakafuni mwa friza, na maji hupenya hadi chini ya visanduku vya mboga na kutokea ukumbini.

Sasa tuyatazame maneno yenyewe.

La kwanza ni kuvuja. Paa huvuja kwa kuwa lina tundu. Mtungi huvuja kwa kuwa una ufa. Aandikaye "jokofu linavuja" humwelekeza fundi atafute palipotoboka. Zaidi ya hayo, gesi nayo huvuja, na mafundi hulitumia neno hili hasa kwa gesi. Ombi la matengenezo lenye maneno hayo mawili tu laweza kuleta fundi wa kujaza gesi, ilhali gesi iko salama na kinachohitajiwa ni maji ya uvuguvugu tu. Tunapendekeza kuvuja kubakie kwa gesi na kwa kitu kilichotoboka, na kwa ubovu huu tuseme jokofu linamwaga maji au mchirizi unafurika.

La pili ni kuganda. Mara nyingi tunasoma katika tafsiri kwamba "mrija umeganda". Mrija hauwezi kuganda. Kilichoganda ni maji yaliyomo ndani yake. Tofauti hii si ya kisarufi tu. Mrija uliozibwa na barafu hufunguliwa kwa joto, lakini uliozibwa na makombo hautafunguka kwa joto peke yake. Huhitaji kusukumwa kwa maji. Basi kitenzi kiwe kuziba, na kisababishi kitajwe daima: mrija umezibwa na barafu, mrija umezibwa na makombo.

La tatu ni jina la njia ya maji. Wafasiri wengine huandika mfereji. Neno hilo kwa wasomaji wengi wa bara ni njia ya maji iliyochimbwa ardhini, na kwa watu wa Unguja na wengi wa pwani ni kile ambacho Dar es Salaam huitwa bomba. Neno bomba nalo limebeba mzigo mzito: ni la kupitishia maji, ni la kufungulia maji, na katika hospitali ni bomba la sindano. Tunaona kwamba mchirizi na mrija yafaa zaidi. Mchirizi ni njia nyembamba na ya wazi ipitishayo maji yanayodondoka, na ndivyo kifaa hiki kilivyo. Mrija ni mwembamba na uliofungwa pande zote. Maneno yote mawili ni ya Kiswahili, na hayadai maelezo marefu darasani.

La nne ni barafu. Neno hili hutumika kwa utando mweupe wa koili na kwa bamba gumu la sakafuni mwa friza. Utando mwembamba ni jambo la kawaida. Bamba ni dalili ya ubovu. Kiswahili kina neno sakitu kwa umande ulioganda, jambo ambalo wakazi wa Njombe na Kitulo huliona mashambani katika miezi ya baridi. Tunapendekeza sakitu kwa utando wa koili, na barafu kwa maji yaliyokwisha kuwa gumba gumu.

La tano ndilo lenye hatari. Maelekezo mengi husema "ondoa barafu". Msomaji aliyeambiwa aondoe huchukua kisu. Koili ni ya chuma chembamba, mara nyingi alumini. Ikitobolewa, gesi yote hutoka na jokofu huenda lisitengenezeke tena. Tena, katika majokofu mengi ya sasa gesi hiyo ni isobutani, iliyoandikwa R600a kwenye kibandiko cha chombo, nayo huwaka moto. Kwa hiyo mfasiri asiandike ondoa pale alipokusudia yeyusha.

Kwa kuonyesha matumizi, maelekezo ya matengenezo yangeweza kuandikwa hivi:

(a) Chomoa waya wa umeme. Toa vyakula na uvihifadhi penye ubaridi.
(b) Acha milango wazi hadi barafu iyeyuke. Usitumie kisu wala bisibisi.
(c) Fungua ukuta wa nyuma wa friza ili uone mchirizi na tundu lake. Kazi hii afadhali afanye fundi.
(d) Kwa bomba la sindano lisilo na sindano, sukuma maji ya uvuguvugu kidogo kidogo katika tundu, hadi yaonekane yakiingia katika sinia.
(e) Safisha sinia na ncha ya chini ya mrija, maana uchafu hurundikana hapo pia.
(f) Kagua mpira wa mlango. Ukilegea, hewa yenye unyevu huingia, na sakitu huzidi kiasi.
(g) Ubovu ukirudi, fundi akague hita, au afunge kipande cha waya mnene wa shaba kutoka kwenye hita hadi ndani ya tundu, ili joto lifike humo.

Istilahi tunazopendekeza ni hizi:

koili: mabomba yaliyokunjwa yaletayo ubaridi.
sakitu: utando mweupe wa unyevu ulioganda juu ya koili.
mchirizi: njia ya wazi ipokeayo maji ya sakitu iliyoyeyuka.
tundu la mchirizi: mahali maji yaingiapo mrijani.
mrija wa maji: njia ya kuteremshia maji.
sinia la maji: chombo kipokeacho maji ili yageuke mvuke.

Mapendekezo haya yanaletwa mbele ya wasomaji ili yajadiliwe. Walimu wa vyuo vya ufundi, hasa, wapo karibu na mafundi na wanayasikia maneno yao kila siku. Kama yapo maneno yaliyokwisha kuzoeleka karakanani nasi hatukuyataja, tunaomba tuletewe, pamoja na maelezo ya mahali yanapotumika, kabla ya orodha hii kuendelea mbele.