Jicho la Rubani Halitoshi

Asubuhi ya tarehe 5 Machi, mwaka 2024, ndege ya abiria aina ya Dash 8 iliruka kutoka kiwanja cha Wilson, Nairobi, ikielekea Diani katika pwani ya Kenya. Ilichukua abiria 39 na wafanyakazi 5. Muda mfupi baada ya kuruka, waliokuwamo walisikia kishindo kikubwa. Rubani aliigeuza ndege akarejea Wilson, na watu wote 44 wakashuka salama. Kumbe ilikuwa imegongana angani na ndege ndogo aina ya Cessna 172 iliyokuwa katika mafunzo. Ndege hiyo ndogo iliangukia katika Mbuga ya Taifa ya Nairobi, na mwalimu na mwanafunzi wake wakapoteza maisha.

Mtu asiyeijua kazi ya urubani atauliza: anga yote ilivyo pana, ndege mbili zitagonganaje mchana kweupe? Jibu ni kwamba karibu na kiwanja anga si pana hata kidogo. Zinazoruka na zinazotua zote hufuata mstari wa njia ileile, tena katika dakika ambazo rubani ana shughuli nyingi kuliko wakati mwingine wowote. Pale Wilson ndege za watalii, za mafunzo, za madaktari na za Polisi ya Kenya hutumia kiwanja kimoja. Mashariki yake kuna kiwanja cha kimataifa cha Jomo Kenyatta, na kaskazini-mashariki kituo cha jeshi la anga cha Eastleigh. Isitoshe, Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa yake ni nyepesi, hivyo ndege hupanda polepole kuliko inayoruka Mombasa au Dar es Salaam.

Kanuni ya kale ya marubani ni kuona na kukwepa. Ni kanuni njema, lakini ina kasoro. Askari aliyewahi kulinda lindo usiku anajua kwamba jicho hunasa upesi kitu kinachotembea kuliko kilichotulia. Sasa, ndege iliyo katika njia ya kugongana na nyingine huonekana kana kwamba imesimama mahali pamoja kwenye kioo. Hubaki nukta ndogo, kisha hukua ghafla. Ndege mbili zinazokabiliana, kila moja ikienda kilomita 185 kwa saa, hukaribiana kwa mita 100 hivi kila sekunde. Rubani huweza kuhitaji sekunde 10 au zaidi kuona, kutambua, kuamua na kugeuza. Katika muda huo kilomita nzima imekwisha. Tena Cessna 172 ina mabawa juu ya chumba cha rubani, na bawa huficha sehemu ya anga, hasa ndege inapokata kona.

Ndiyo maana pakawekwa mnara wa waongozaji, mzunguko maalumu wa kiwanja, na vimo ambavyo kila ndege hupangiwa. Ndege kubwa hubeba pia chombo kinachopokea ishara za ndege nyingine na kumwamuru rubani apande au ashuke. Lakini karibu na ardhi chombo hicho huacha kutoa amri, kwa kuwa amri ya kushuka ingeweza kuipeleka ndege chini. Mahali penye msongamano mkubwa ndipo msaada wake unapopungua.

Jambo hili linawahusu pia askari, maana ndege zao hupita katika anga hiyohiyo. Usiku wa tarehe 29 Januari, mwaka 2025, mjini Washington, Marekani, helikopta ya jeshi iligongana na ndege ya abiria iliyokuwa ikikaribia kutua. Watu wote 67 walikufa, 3 kati yao wakiwa wanajeshi. Helikopta ilikuwa katika njia yenye kikomo cha futi 200, nayo ndege zikagongana kwenye kimo cha futi 278 hivi. Wanajeshi walikuwa wameuambia mnara kwamba wanaiona ndege ile, wakaomba wajitenge nayo kwa macho, wakakubaliwa. Baadaye mwongozaji aliwaagiza wapite nyuma yake. Wachunguzi walieleza kwamba huenda maneno hayo hayakuwafikia, kwa sababu wakati uleule kitufe cha simu yao ya upepo kilikuwa kimebonyezwa. Askari wa mawasiliano hatahitaji kuelezwa zaidi.

Linalosikitisha ni kwamba dalili zilikuwapo. Kati ya Oktoba 2021 na Desemba 2024 yalihesabiwa matukio zaidi ya 15,000 ya ndege na helikopta kukaribiana mno katika eneo hilo, na njia ikaachwa ilivyo. Mwezi Machi 2025 ndipo wakuu wa usafiri wa anga wa Marekani walipoifunga sehemu hiyo kwa safari zisizo za lazima. Helikopta za polisi na za kuokoa maisha ziliruhusiwa kupita zikiwa na kazi ya haraka, kwa sharti kwamba ndege za abiria ziwekwe mbali nazo kwa umbali uliopangwa.