Wikendi hii, kila mtu aje na sufuria yake

Wikendi imefika na marafiki zako wa Kambu wanataka mle pamoja. Mkipanga kwenda hotelini pale kando ya barabara ya Mombasa, hakosi mmoja wa kusema, "Niko bize." Mara nyingi hayuko bize, hana pesa. Akikataa mara ya tatu, mnaacha kumwalika.

Basi badilisheni mpango: kila mtu apike kwao, aje na sufuria yake. Ukambani hatukosi cha kubeba. Mmoja alete muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe au mbaazi. Mwingine alete ndengu, zao linalovumilia ukame hapa Makueni na kwa jirani zetu wa Kitui. Wa tatu chapati, wa nne mboga ya kunde. Asiyejua kupika alete ndizi au makaa, na asiulizwe swali.

Elewaneni mapema nani analeta nini, la sivyo mtajikuta na sufuria tano za wali. Muthokoi uloweke usiku kucha, usije ukaiva jioni watu wakiwa wameshaondoka. Na joto la Kambu si mchezo: chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili.

Ukikwama, muulize nyanya. Atafurahi kuulizwa.

Na yule wa "niko bize"? Huenda ndiye anayepika muthokoi mtamu kuwaliko nyote. Hotelini mngejuaje?