Hisabati ya vyuoni ianzie mitaani mwetu

Jumamosi moja nilikuwa Kawangware pamoja na vijana wachache wa vyuo ambao hunijia mwisho wa juma kwa masomo ya ziada ya hisabati. Binti mmoja anayesomea biashara aliweka kalamu chini, akaniuliza kwa heshima lakini bila kificho: “Mwalimu, mimi nataka kufungua duka. Hii kalkulasi itanifaa wapi?” Wenzake waliangua kicheko. Mimi sikucheka, kwa kuwa swali lake lilikuwa halali, na nakiri kwamba kwa miaka mingi nimelijibu vibaya. Nilizoea kusema, “Itatokea katika mtihani.”

Jawabu hilo limetuponza. Aghalabu mwanafunzi wa chuo huanzishwa kwa takwimu za mwanzo, akapitishwa katika aljebra na uwezekano, hatimaye akafikishwa kwenye kalkulasi. Kila somo hufundishwa kana kwamba ni nyumba yenye mlango na kufuli lake. Hata katika shule za upili, chini ya mfumo wa 8-4-4, kalkulasi iliwekwa kidato cha nne, wakati walimu wakikimbizana na silabasi na watahiniwa wakihesabu siku zilizosalia. Je, ni ajabu kwamba wengi huingia chuoni wakiwa wameshakata tamaa?

Siku hiyo niliamua kushika njia nyingine. Niliwauliza, “Kibera ina watu wangapi?” Wakajibu kwa sauti moja, “Milioni moja!” Wawili kati yao wamezaliwa huko, na idadi hiyo wameisikia tangu utotoni kutoka kwa wageni, wanahabari na wahisani.

Nikawaomba wapige hesabu. Eneo la Kibera hukadiriwa kuwa takriban kilomita 2.5 za mraba, yaani mita za mraba 2,500,000. Tukigawa kwa watu milioni moja, kila mtu anapata mita 2.5 za mraba, zaidi kidogo ya godoro la futi 4 kwa 6. Katika nafasi hiyo yapasa pia kuingiza vichochoro, vyoo, maduka, shule, makanisa, misikiti na njia ya reli, nazo nyumba nyingi za mabati hazina ghorofa. Kimya kilitanda chumbani.

Itakumbukwa kwamba sensa ya mwaka wa 2009 iliwahesabu wakazi 170,070 katika Kibera. Milioni moja ni karibu mara 6 ya idadi hiyo. Miaka 10 baadaye, sensa ya 2019 iliipa kaunti ndogo ya Kibra watu 185,777. Naam, sensa nayo huweza kukosea, na mipaka ya mtaa hubishaniwa. Hilo lenyewe ni somo la kwanza la takwimu: kabla ya kuhesabu, sema unahesabu nini na unaishia wapi.

“Basi tungeihakiki vipi bila kubisha hodi kila mlango?” akauliza kijana mmoja. Hapo sampuli ilijileta yenyewe. Tuseme tumechagua nyumba 100 kwa kura, pasipo upendeleo, tukatafuta wastani wa wakazi wa kila nyumba, kisha tukazidisha kwa idadi ya nyumba zote. Tukichagua nyumba 100 nyingine, wastani utatofautiana kidogo. Tukirudia mara nyingi na kuchora matokeo, tutapata umbo linalokaribia kengele: wastani nyingi zitarundikana katikati, chache zitatawanyika pembeni.

Je, tuna hakika kiasi gani kwamba hatukukosea sana? Jibu limo katika eneo lililo chini ya mstari wa kengele hiyo. Eneo hilo halipimiki kwa rula, maana mstari umepinda. Hulikata vipande vyembamba mno, ukavijumlisha. Haba na haba hujaza kibaba, na hiyo ndiyo nusu ya kalkulasi! Jedwali lililo nyuma ya kitabu cha takwimu, ambalo wanafunzi hulisoma bila kujua asili yake, limetokana na hesabu hiyo.

Nusu ya pili tuliipata katika matatu namba 46. Wastani wa mwendo kutoka Kawangware hadi mjini hukueleza safari ilivyokuwa kwa jumla. Haukuelezi gari lilikuwa likienda kasi gani dereva alipokanyaga breki. Kupata kasi ya nukta ile, hupima umbali katika muda mfupi, kisha mfupi zaidi, hadi muda ukaribie sufuri. Kwa njia hiyo hiyo mwenye duka hujiuliza: nikiongeza bidhaa moja tu, faida itapanda au itashuka?

Sidai kwamba mifano ya mtaani itaondoa ugumu wote. Mazoezi hayana badala, na aljebra isiyokomaa shuleni humwandama mtu hadi chuo kikuu. Lakini wahadhiri wenzangu, kuna ubaya gani kuanzia panapojulikana? Nanyi wanafunzi, msikimbilie kozi fulani kwa sababu tu haina hesabu. Vyoo, maji na zahanati hupangwa kwa kugawa kwa idadi ya watu. Asiyejua kugawa atagawiwa na wengine, tena kwa idadi ambayo hakuihoji.

Tulipokuwa tukiagana, yule binti aliniambia, “Mwalimu, kumbe miaka yote hii nimekuwa nikitaja milioni na sijawahi kuigawa.” Nikamjibu kwamba hata mimi nilichelewa.