Kinanda cha Arnstadt na mpigaji wa miaka 18

Katika makanisa yetu mengi ya mashariki, kwaya inaimba kwa ngoma, gitaa na kinanda cha umeme. Kinanda kikubwa cha mabomba wengi wetu hatujakiona kwa macho. Leo tunaeleza habari ya kimoja, kwa sababu ugomvi uliokizunguka tunaujua sana.

Kinafanya kazi hivi: mivukuto, kama ile ya mhunzi, inasukuma hewa ndani ya sanduku. Mpigaji akibonyeza kibao, mlango mdogo unafunguka na hewa inaingia katika bomba. Bomba refu linatoa sauti nzito, bomba fupi linatoa sauti nyembamba.

Mwaka 1581 moto uliteketeza mji wa Arnstadt, Ujerumani, pamoja na kanisa la Mtakatifu Bonifasi. Kanisa lilijengwa upya kati ya 1676 na 1683, likaitwa Kanisa Jipya. Kinanda kilichelewa. Fundi Johann Friedrich Wender alikimaliza mwaka 1703. Aliyeitwa kukipima alikuwa kijana wa miaka 18, Johann Sebastian Bach. Wakubwa walipendezwa naye, wakamwajiri.

Mwishoni mwa 1705 Bach aliomba ruhusa ya majuma manne, akaenda Lübeck kumsikiliza mpigaji mkuu Dieterich Buxtehude. Alikaa karibu miezi minne! Aliporudi, Februari 1706, baraza la kanisa lilimwita. Lilimuuliza juu ya kuchelewa, tena likamlaumu kwamba anaingiza sauti za ajabu katika nyimbo, hata waamini wanachanganyikiwa. Mwaka 1707 alihamia Mühlhausen.

Mwaka 1913 kampuni ya Steinmeyer ilijenga kinanda kipya, ikitumia baadhi ya mabomba ya Wender. Mwishoni mwa miaka ya 1990 mafundi walikijenga tena kile cha zamani kwa mabomba yaliyobaki, na leo kinalia.

Wapendwa, nani alikuwa na haki? Baraza lilitetea jambo la maana: waamini waweze kuimba. Lakini yule kijana alikuwa na kipawa ambacho dunia nzima inakishukuru hadi leo. Kijana wa kwaya akileta sauti mpya, tumwonyeshe pale waamini wanapopotea, na tuvumilie anapojifunza. Tukimkemea tu, mji mwingine utampokea.